Gary Larson: Mchora Katuni Aliyetuachia Nusu ya Kichekesho

Mwaka 1982 magazeti ya Marekani yalichapisha picha ya ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe amesimama kwa miguu miwili, nyuma yake kuna banda, mbele yake kuna meza, na juu ya meza vimepangwa vitu vinne vya ajabu ajabu. Kimoja kinafanana kidogo na msumeno. Vingine vitatu havifanani na kitu chochote unachokijua. Maneno ya chini ya picha ni mawili tu, yanasema hizo ni zana za ng'ombe. Basi.

Kilichofuata ni vurugu. Barua zilimiminika kwa mamia. Waandishi wa habari na watangazaji wa redio walipiga simu kuuliza maana yake nini. Watu wazima, wenye kazi na familia, walikaa mezani na kikombe cha chai wakijaribu kung'amua kile kidude cha pili kutoka kushoto ni chombo gani. Mwishowe mchoraji, Gary Larson, alilazimika kutoa taarifa kwa vyombo vya habari, kama waziri aliyebanwa, akieleza kwamba hakuna siri yoyote. Ng'ombe akiamua kutengeneza zana, alisema kwa maneno yake, basi zana hizo zisingekuwa za kiwango cha juu. Hicho ndicho kilikuwa kichekesho chote.

Kawaida kisa hiki husimuliwa kama ajali, siku ambayo bingwa alipiga mpira nje. Mimi nakiona tofauti. Nadhani ukitaka kuelewa kazi yote ya Larson, miaka kumi na mitano ya katuni yake ya The Far Side, mahali pazuri pa kuanzia ni kwa huyo ng'ombe. Kwa sababu siku ile ndipo ilipoonekana wazi alichokuwa akikifanya siku zote: alikuwa anachora nusu ya kichekesho, nusu iliyobaki anamwachia msomaji. Siku nyingine zote msomaji aliileta nusu yake bila hata kujua. Siku ya ng'ombe alitafuta mfukoni akakuta hana.

Aina yenyewe ya katuni

Wengi wetu tuliokua na magazeti ya Kiswahili tunaijua katuni kwa sura mbili. Kuna katuni ya siasa, ya akina Gado na Masoud Kipanya, ambayo ili uicheke lazima uwe umefuatilia habari za wiki. Halafu kuna katuni ya mhusika wa kudumu, kama Chakubanga wa Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, au Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Hapo tunacheka kwa sababu mhusika tunamjua. Juha akitokeza tu, kabla hajasema neno, tayari tuna mwanzo wa kicheko.

Kichekesho cha fremu moja hakina msaada wowote kati ya hiyo miwili. Hakina habari ya jana wala mhusika wa kukumbukwa. Kila asubuhi mchoraji anaanza sifuri: mahali papya, watu wapya, jambo jipya, na vyote hivyo vieleweke ndani ya sekunde tatu au nne, kwa sababu msomaji yuko kwenye basi na macho yake yanaelekea kwenye ukurasa wa michezo. Kesho yake tena. Na keshokutwa. Hii ni kazi ngumu sana, ila matokeo yake huonekana mepesi, na ndiyo maana wahakiki hawaigusi.

Larson alizaliwa Tacoma, jimbo la Washington, mwaka 1950. Baba yake aliuza magari, mama yake alikuwa katibu muhtasi. Alikuwa na kaka mkubwa, Dan, ambaye alimtisha gizani na pia alimfundisha kukamata na kufuga viumbe vya kila namna. Nadhani hayo mawili, kutishwa na kushangaa wadudu, yanatosha kueleza nusu ya katuni zake. Alimaliza Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington mwaka 1972 na shahada ya mawasiliano. Akapiga gitaa na banjo, akafanya kazi kwenye duka la vyombo vya muziki, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Mwaka 1976 akachukua siku chache za mapumziko, akachora katuni sita, akazipeleka kwa jarida moja la Seattle linaloitwa Pacific Search. Wakazinunua zote kwa dola 90.

Mwaka 1979 gazeti la Seattle Times likampa nafasi ya kila wiki kwa jina la Nature's Way. Hapo kuna kichekesho ambacho hakukichora yeye: katuni zake, zenye wanyama wanaokula watu na watu wanaofanya upuuzi, zilipangwa jirani na chemsha bongo ya watoto. Wazazi wakalalamika, gazeti likaachana naye. Lakini kabla habari hiyo haijamfikia, Larson alikuwa amesafiri kwenda San Francisco na bahasha ya michoro yake, na gazeti la Chronicle likampokea. Walimbadilishia jina la katuni ikawa The Far Side, yaani upande wa mbali, na wakaanza kuisambaza kwa magazeti mengine. Ya kwanza ilitoka tarehe 1 Januari 1980. Kufika mwisho wake ilikuwa inachapishwa kwenye magazeti zaidi ya 1,900 na kutafsiriwa kwa lugha 17.

Kabla na baada

Sasa tuangalie anavyofanya. Kuna katuni yake moja: swala wawili wa kule kwao wamesimama msituni, mmoja ana alama ya kuzaliwa kifuani. Alama yenyewe ni miduara mmoja ndani ya mwingine, kama shabaha ya kulengea. Mwenzake anampa pole kwa bahati mbaya hiyo. Mwindaji hayupo. Bunduki haipo. Damu haipo. Kila kitu kitakachotokea umekileta wewe, na kwa kuwa umekileta wewe, unacheka na unajisikia vibaya kidogo.

Au ile ya shule ya watoto wenye vipaji. Mvulana mnene wa miwani, kitabu kwapani, anausukuma mlango wa shule kwa nguvu zake zote. Mlangoni pameandikwa VUTA. Hebu fikiria ni mambo mangapi yameachwa: hatujui amesukuma kwa muda gani, hatujui kama atagundua. Kama kungekuwa na fremu ya pili, mwalimu anakuja kumfungulia, kichekesho kingekufa papo hapo.

Huu ndio ufundi mkubwa wa Larson: kuchagua sekunde. Tukio halisi huwa liko sekunde moja mbele au sekunde moja nyuma ya picha. Ng'ombe wamesimama kando ya barabara kwa miguu miwili wakipiga soga kama wazee wa kijiwe, mmoja anatoa taarifa kwamba gari linakuja, fremu inayofuata wote wako chini kwa miguu minne wanatafuna majani, gari likipita wanasimama tena. Hiyo ni moja ya chache ambazo aligawanya fremu, na bado tukio kubwa, yaani siri ya ng'ombe wote duniani, haliko kwenye picha. Liko kwenye kichwa chako kila utakapopita kwenye barabara yenye ng'ombe. Ukienda Chalinze kwa basi baada ya kuiona katuni hiyo, utawatazama ng'ombe wa watu kwa jicho baya.

Angalia pia nyuso. Watu wake ni wanene, hawana shingo, na wengi wana miwani isiyoonyesha macho. Wachoraji wengi wa vichekesho hutegemea macho: yakitoka ujue ameshtuka, yakilegea ujue amechoka. Larson aliyafuta. Uso mtupu huo unamlazimisha msomaji aweke hisia mwenyewe, na mara nyingi hisia anayoiweka ni kali kuliko ambayo mchoraji angeweza kuichora.

Halafu kuna maneno ya chini. Jinsi yalivyo nusu ya kazi ilithibitishwa na gazeti moja la Ohio, Dayton Daily News, ambalo mara mbili lilikosea na kubadilishana maneno ya The Far Side na ya Dennis the Menace, katuni ya mtoto mtundu iliyokuwa pembeni yake. Mara ya kwanza mtoto Dennis, kwenye meza ya chakula ya familia safi ya Kimarekani, akawa analalamika kwamba leo tena amepewa vipanya vya kufugwa. Kwenye katuni ya jirani, familia ya nyoka iko mezani, na nyoka mdogo anajisifu kwamba bora alijifunza kutengeneza mkate wa siagi ya karanga, vinginevyo wangekufa njaa. Larson mwenyewe alikiri kwamba zote mbili zilipata nafuu. Ndivyo ilivyo: picha ileile, maneno mengine, na msomaji anajenga dunia nyingine kabisa.

Kwetu hili si jambo geni. Kanga inafanya kazi hiyohiyo. Nakshi ni picha, jina la kanga ni maneno machache, na maana yenyewe haiko kwenye kitambaa hata kidogo. Maana iko kwa jirani anayeona nani amevaa kanga gani, siku gani, akipita mbele ya mlango wa nani. Mwenye duka ameuza nusu tu, mtaa wote unamalizia. Tofauti ni kwamba kanga ni fumbo, na fumbo lina jibu. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Wasomaji wa mwaka 1982 waliichukua katuni ya ng'ombe kama fumbo, wakajiona wajinga kwa kukosa jibu, wakakasirika. Kumbe halikuwa fumbo. Larson alikuja kukubali kwamba kile chombo kimoja kinachofanana na msumeno ndicho kilichoharibu, maana kiliwafanya watu waamini kwamba na vile vingine lazima vina majina.

Njia ya kwenda Gombe

Wazo la zana za ng'ombe halikutoka hewani. Larson alieleza kwamba lilitokana na ile imani ya zamani kwamba binadamu ndiye kiumbe pekee anayetengeneza zana, imani iliyokuja kuvunjwa. Na ilivunjiwa wapi? Kigoma. Mwishoni mwa mwaka 1960, kwenye msitu wa Gombe, mwambao wa Ziwa Tanganyika, Jane Goodall, msichana wa miaka 26 asiye na shahada ya chuo kikuu, alimwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard akitumia kijiti kuchokoa mchwa kwenye kichuguu. Sokwe hao walipukutisha majani ya kijiti kwanza ili kifae. Yaani walitengeneza zana. Louis Leakey, bosi wake aliyekuwa Nairobi, alijibu kwamba sasa itabidi tubadili maana ya zana, au maana ya binadamu, au tukubali kwamba sokwe ni binadamu.

Kwa hiyo katuni iliyowavuruga Wamarekani ina mzizi wake kwenye kichuguu cha mchwa cha Tanzania. Miaka mitano baadaye Larson alirudi palepale, safari hii waziwazi. Katuni ya Agosti 1987: sokwe wawili wamekaa juu ya tawi, jike anachambua manyoya ya dume. Anaokota unywele mrefu wa rangi ya dhahabu. Anauliza, kwa sauti ambayo kila mtu aliyewahi kuishi kwenye nyumba ya kupanga anaijua, kama bwana alikuwa tena kwenye "utafiti" na yule kiruka njia, Goodall.

Watu wa taasisi ya Goodall hawakucheka. Mwanasheria akaandikiwa, barua kali ikaandaliwa, katuni ikaitwa jambo la aibu kuu. Larson, ambaye alikuwa anamheshimu sana Goodall, alifadhaika. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe, alikuwa huku Afrika. Aliporudi na kuonyeshwa, alicheka. Fulana zenye katuni hiyo zikachapishwa na faida ikaenda kwenye taasisi yake, na mwaka 1988 Larson alialikwa Gombe. Huko sokwe mmoja mkorofi aitwaye Frodo alimvamia na kumwachia michubuko. Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, aliandika hata dibaji ya mkusanyiko mmoja wa katuni za Larson.

Kwa nini Goodall alicheka na watu wake wakakasirika? Naona jibu linarudi kwenye nusu ya msomaji. Watetezi wake waliona tusi kwa mwanamke mwenye heshima. Goodall aliona jambo ambalo alikuwa amelipigania maisha yake yote: sokwe mwenye wivu, mwenye kumbukumbu, mwenye mdomo. Yeye ndiye aliyewapa sokwe majina wakati wanasayansi wengine waliwapa namba, na akasemwa kwa hilo. Katuni ilimpa sokwe jike cheo cha mke aliyechoka. Kwa mtu wa Gombe hiyo haikuwa dharau, ilikuwa ni sifa.

Na wanasayansi kwa jumla walimpenda Larson kuliko walivyowapenda waandishi wengi makini. Chawa mmoja wa bundi ameitwa Strigiphilus garylarsoni. Mwaka 1982 alichora mtu wa mapangoni akitoa mhadhara kuhusu miiba ya mkiani mwa dinosaria stegosaurus, akiipa jina la marehemu Thag, aliyekutana nayo vibaya. Miaka kumi na moja baadaye mtaalamu wa visukuku, Kenneth Carpenter, alilitumia jina hilo la utani, thagomizer, kwenye mkutano wa kitaalamu, kwa sababu sehemu hiyo ya mnyama haikuwa na jina. Sasa linatumika. Wachora katuni wangapi wamewahi kuiongezea anatomia msamiati?

Walioko kwenye fremu na wasiokuwepo

Mpaka hapa nimemsifu. Lakini kama nusu ya kichekesho ni ya msomaji, lazima tuulize ni msomaji gani, na mfukoni mwake mna nini.

Msomaji aliyekusudiwa ni Mmarekani wa kawaida wa miaka ya 1980, na mfukoni mwake, pamoja na mambo mengine, mna picha ya "wenyeji". Mnaijua: mfupa puani, kibwebwe cha nyasi, chungu kikubwa juu ya moto, na mzungu wa kofia ya jua ndani ya chungu. Larson aliitumia picha hiyo mara kwa mara. Msitu wenyewe hauna jina, msomaji anaweza kuuweka Afrika, Amazon au visiwa vya Pasifiki, kama apendavyo. Utetezi wa kawaida ni kwamba huko wazungu ndio huonekana wapumbavu zaidi, na ni kweli, mara nyingi mpelelezi wa kofia ndiye bwege. Bado utetezi huo haunitoshi. Larson aliyebadilisha fikra za watu kuhusu ng'ombe, kuku, buibui na amiba, aliupokea "mwenyeji" kama alivyoukuta dukani. Ng'ombe wake anashangaza. Mwenyeji wake, mara nyingi, yupo tu ili chungu kiwe na mpishi.

Nasema mara nyingi kwa sababu ipo moja ya mwaka 1984 ambayo inanifanya nisimfungie mlango. Ndani ya nyumba ya nyasi, jamaa wenye mifupa puani wanakimbizana kuficha televisheni, deki na simu. Dirishani wanaonekana wanaanthropolojia wawili wakiwasili. Hapa picha ileile ya dukani imegeuzwa nje ndani. Mfupa wa puani ni mavazi ya kazini. Wenyeji wanajua mgeni amekuja kutafuta nini, na wanampa. Mtu yeyote aliyewahi kuona kijiji kikiandaliwa kwa ajili ya ugeni wa wafadhili, au ameona boma la watalii baada ya basi la watalii kuondoka, ataicheka hii kwa kicheko cha mwenye mali. Hapa nusu ya msomaji, kwa mara moja, tuko nayo sisi kuliko wao.

Ndiyo maana ile katuni ya Gombe inaniacha na kiu. Ni nzuri, sibishi. Lakini mle kwenye fremu kuna sokwe wawili na kivuli cha Mwingereza mmoja. Utafiti wa Gombe ulibebwa kwa miaka mingi na Watanzania waliowafuata sokwe porini tangu alfajiri hadi magharibi. Hilali Matama, mmoja wao, alikuwapo mwezi Januari 1974 kushuhudia shambulio lililofungua kile kilichokuja kuitwa vita vya sokwe vya miaka minne. Kwenye kichwa cha msomaji wa Seattle watu hao hawakuwepo, kwa hiyo kichekesho hakikuweza kuwatumia. Simlaumu Larson kwa kutowachora. Nasema tu kwamba fremu moja ina sheria kali: kilichomo ni kile ambacho msomaji tayari anacho. Ukitaka watu wako waingie kwenye kichekesho, lazima kwanza waingie kwenye kichwa cha msomaji, na hiyo si kazi ya mchora katuni peke yake.

Kuacha

Oktoba 1988 Larson alichukua likizo ya miezi kumi na minne, jambo ambalo halikuwa la kawaida kabisa kwenye biashara hiyo. Aliporudi, alipunguza idadi ya katuni mpya kwa wiki. Mara mbili, mwaka 1990 na 1994, wachora katuni wenzake wa Marekani walimpa tuzo yao kubwa, ya Reuben. Na tarehe 1 Januari 1995, miaka kumi na mitano kamili tangu aanze, aliacha. Alikuwa na miaka 44. Sababu aliyotoa ilikuwa wazi: uchovu, na hofu kwamba akiendelea kazi itashuka kiwango.

Mwisho wa mwaka huohuo Bill Watterson naye akaifunga Calvin and Hobbes. Charles Schulz alichagua njia nyingine, alichora Peanuts kwa karibu nusu karne na akafa Februari 2000, usiku wa kuamkia siku ambayo katuni yake ya mwisho ya Jumapili ilitoka. Watu hupenda kuwalinganisha na kuuliza nani alikuwa sahihi. Mimi naona aina ya kazi ndiyo iliyoamua. Schulz alikuwa na Charlie Brown, mhusika wa kudumu, na siku ambayo wazo limegoma, mhusika hubeba mzigo. Larson hakuwa na wa kumbebea. Kichekesho cha fremu moja kikichoka hakina pa kujificha, kinageuka kuwa picha ya ng'ombe na meza.

Baadaye alikuwa mkali kuhusu intaneti. Aliwaomba mashabiki wasisambaze katuni zake mtandaoni, akizifananisha na watoto wake ambao angependa kujua wako wapi usiku. Wengi walimcheka. Leo, ambapo kila mmoja wetu hupokea picha zenye maneno mawili kwenye simu kabla hajapiga mswaki, na hajui nani alizitengeneza, hofu yake haionekani ya kizee tena. Picha za utani za mtandaoni ni wajukuu wa fremu yake, ila ni wajukuu wasiojua jina la babu. Yule ng'ombe naye yuko humo, anazunguka, na vijana waliozaliwa baada ya Larson kustaafu wanamcheka kwa sababu ileile iliyowaudhi babu zao: kwamba hana maana. Mwaka 2019 Larson alifungua tovuti rasmi, na Julai 2020 akaanza kuweka michoro mipya mara chache chache, akichora kwa kompyuta kwa sababu kalamu yake ya wino ilikuwa imemkera kwa kuziba. Hana tarehe ya kukabidhi kazi. Michoro hiyo imetulia, rangi nzuri, ila presha ya kila siku haimo, na ukweli ni kwamba presha ile nayo ilikuwa na ladha yake.

Sijui kama magazeti yetu yatawahi kumpa mtu fremu moja kila siku kwa miaka kumi na mitano, bila waziri ndani yake na bila mhusika maarufu, na kumwambia tu chekesha. Karatasi inapungua na matangazo yamehama. Lakini wasomaji wapo. Taifa linaloweza kusoma kanga linaweza kusoma kichekesho cha fremu moja, na mfukoni mwetu mna vitu ambavyo Larson hakuwa navyo: kondakta, mganga wa mabango, mgeni wa wafadhili, sokwe wa Gombe akimsikiliza Mtanzania anayemfuata kila siku akilalamikia mshahara.

Anayetaka kumjua Larson asianze na ule mkusanyiko mkubwa wa mwaka 2003, ni mzito kama tofali na una katuni zaidi ya 4,000. Aanze na The Prehistory of The Far Side, cha mwaka 1989. Humo anaonyesha michoro ya mwanzo, barua za hasira, na katuni zilizobuma, ng'ombe akiwemo. Ni nadra kumwona mchekeshaji akikufungulia jikoni hivyo. Zikishaisha zile zilizobuma, utagundua kwamba nyingi umezicheka.